Kalamu ya kifahari kwa bei ya kutupa: ikague kabla hujalipa

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu unafaa kukumbukwa kila mwisho wa mwaka wa shule, wakati maduka ya bei nafuu mjini na meza za mipakani zinapojaa kalamu za kifahari. Utaona Parker yenye kibanio cha mshale na Montblanc yenye nyota nyeupe, kila moja imelazwa ndani ya boksi la mahameli, huku bei yake haifikii hata ya kilo ya nyama.

Mteja mkubwa wa kalamu hizo hapa kwetu Burundi ni mzazi aliyerudi kutoka ukimbizini. Namfahamu vizuri, kwa kuwa mimi nami nilisomea kambini mkoani Kigoma, ambako Bic iliyoanza kugoma ilipashwa joto viganjani ili iandike walau mstari mmoja zaidi. Mtu aliyepitia hayo, akimnunulia mwanawe Parker siku ya kumaliza shule, anamwambia jambo kubwa: sasa wewe ni msomi. Mwenye kuuza bandia analijua hilo, na ndipo anapomvizia.

Lakini anayeumia zaidi ni mfanyabiashara mdogo. Mama mmoja wa mtaani kwetu alichukua mkopo wa kikundi chake cha akiba, akavuka Manyovu hadi Kigoma, akarudi na dazeni 20 za kalamu alizoambiwa ni Parker. Shule moja ikazinunua kwa ajili ya zawadi. Wiki ya pili zikaanza kurudi: vibanio vimelegea, rangi ya dhahabu imebanduka, wino umevuja kwenye mifuko ya mashati. Ilimbidi arudishe fedha za shule. Aliyemuuzia hakuonekana tena, na risiti hakuwa nayo. Mkopo bado anaulipa.

Ndiyo maana nasema, ndugu msomaji, kalamu ikaguliwe kabla pesa haijatoka mfukoni. Boksi na karatasi ya dhamana visikupumbaze, kwani hivyo ndivyo rahisi zaidi kuiga.

Anza na bei. Parker Jotter, ambayo imekuwepo tangu 1954 na ni miongoni mwa Parker za bei ya chini, huuzwa Ulaya kwa takriban euro 10 hadi 20. Montblanc Meisterstück mpya huuzwa kwa euro mia kadhaa, tena katika maduka ya kampuni yenyewe na ya mawakala iliowaidhinisha. Anayekuambia kuwa ni "mzigo uliobaki" muulize umebaki wapi.

Kwa upande wa Parker, shika kibanio. Umbo la mshale limetumika tangu 1933, na kwenye kalamu halisi manyoya ya mshale huonekana wazi, kingo zake ni laini. Kwenye bandia mistari mara nyingi imefifia na kingo hukwaruza kidole. Kisha soma maandishi ya kwenye pete ya kifuniko. Utakuta jina la kampuni, nchi, na kwa kalamu nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980, herufi moja kutoka neno QUALITYPEN. Herufi hizo 10 husimama badala ya tarakimu: Q ni 0, U ni 1, hadi N ambayo ni 9. Kwa hiyo E, ambayo ni 8, inaweza kuwa 1998, 2008 au 2018. Vijistari vilivyo pembeni huonyesha robo ya mwaka. Herufi peke yake haitoshi, maana waigaji nao huinakili, lakini ikikosekana au ikiwa imeandikwa ovyo, uliza maswali.

Angalia na nchi. Kiwanda cha Parker cha Newhaven, Uingereza, kilifungwa na kazi ikahamia Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kalamu inayosemwa ni ya mwaka huu huku imeandikwa imetengenezwa Uingereza itilie shaka. Usikimbilie kuhukumu ya India, kwa sababu huko Parker zimetengenezwa kwa leseni kwa miaka mingi.

Montblanc ina vipimo vyake. Namba 4810 iliyochorwa kwenye nibu ya Meisterstück ni urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita, na kila mwigaji anaijua. Tumia sumaku: nibu ya Meisterstück ni ya dhahabu, hivyo ikinaswa, si yenyewe. Isiponaswa, bado usishangilie. Mulika mwili wa kalamu nyeusi kwa tochi kali. Ile halisi hupitisha mwanga mwekundu uliokolea, lakini chuma kilichopakwa rangi hakipitishi kitu. Nyota nyeupe iwe imezama ndani ya kifuniko, si kubandikwa juu yake. Mwisho, soma namba kwenye pete ya kibanio. Kila kalamu huwa na namba yake. Ukikuta mbili ndani ya dazeni moja zina namba ileile, rudisha dazeni nzima.

Wafanyabiashara wa mipakani wajue pia kwamba sheria haimtazami mtengenezaji peke yake. Burundi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 kulirahisisha safari zetu, lakini hakukuhalalisha bandia. Tanzania, Tume ya Ushindani, FCC, hukamata bidhaa za namna hiyo na kuziteketeza. Kenya, Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya 2008 inamgusa hata anayekutwa nazo kwa ajili ya biashara: kosa la kwanza laweza kumpeleka jela hadi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya mali hiyo. Mtaji wa kikundi cha akiba hauwezi kubeba mzigo huo.

Kwa hiyo ukinunua Kigoma au Kariakoo, fungua kalamu 3 au 4 kutoka katikati ya katoni, si zile za juu. Dai risiti ya EFD inayotaja jina la bidhaa. Muuzaji akikataa kuandika neno Parker, amekwisha kukujibu. Na kama mfuko hauruhusu, chukua peni ya bei ndogo yenye jina lake lenyewe. Bic Cristal imekuwa sokoni tangu 1950, na mtoto anayefanya mtihani kwa peni hiyo hapunguziwi alama hata moja.