Mashine ya moyo: hata maji ya kujazia yana mambo yake

Wadau, upasuaji wa moyo uliosimamishwa hutegemea mashine inayosukuma damu na kuitia oksijeni. Mashine hiyo haiunganishwi ikiwa tupu, maana hewa ya kwenye mipira ikifika ubongoni ni balaa. Inajazwa kwanza maji ya dripu, mtu mzima kama lita moja na nusu hivi, na yote yanachanganyika na damu.

Sasa kasheshe ndiyo hii. pH ya damu inatakiwa iwe 7.35 hadi 7.45. Dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 ina kloridi milimoli 154 kwa lita, damu ina kama 100 tu. Na bikaboneti, ile inayopunguza makali ya asidi, haimo kabisa! Basi damu inaelekea kwenye asidi. Daktari akiona kipimo anaweza kudhani mwili umekosa oksijeni, kumbe ni dripu tu. Ndiyo maana wanapima na lakteti: ikiwa haijapanda, mshukiwa wa kwanza ni kloridi.

Dawa yake? Wengi wanajazia maji yenye asetati, ambayo mwili wenyewe unaichoma na kubaki na bikaboneti. Yapo ya lakteti pia, ila hayo yanalitegemea zaidi ini, na yanaweza kuvuruga kipimo kilekile cha lakteti.