Upasuaji wa Pua: Sura au Pumzi?

Pua tunaiona usoni kila siku, lakini kazi yake kubwa iko ndani, mahali tusipopaona. Humo ndimo hewa inapochujwa vumbi, inapopashwa joto na kutiwa unyevu kabla ya kufika mapafuni. Mtu mzima akizibwa pua atahema kwa mdomo, na asubuhi ataamka na koo kavu, huku mwenzake akilalamika kwamba hakulala kwa sababu ya kukoroma. Mtoto mchanga wa wiki chache hana nafasi hiyo. Bado hajaweza kuhema vizuri kwa mdomo, na pua ikiziba hata kunyonya humshinda.

Mwezi huu tuzungumzie upasuaji wa pua. Jina ni moja, shughuli ni mbili: upo upasuaji wa kufungua njia ya hewa, na upo wa kubadili umbo. Wengi huzichanganya, na hapo ndipo watu wanapoumia. Mtu anaweza kutoka chumba cha upasuaji na pua iliyompendeza, kisha akahema kwa shida kuliko siku aliyoingia.

PUA IMEJENGWAJE?

Juu ya pua ni mfupa, chini ni gegedu. Katikati kuna kiambaza kinachoigawa pua kuwa mianzi miwili. Pembeni mwa kila mwanzi vimo vinyama vyenye mfupa ndani yake, ambavyo huvimba na kunywea. Mahali pembamba kuliko pote si ndani sana: ni sentimita moja au mbili tu kutoka tundu la pua, pale gegedu za pembeni zinapokutana na kiambaza.

Fundi bomba ataelewa upesi. Bomba jembamba likipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha maji yanayokwenda polepole hauongezeki mara mbili, bali mara 16. Hewa puani haifuati hesabu hiyo sawasawa, lakini haiko mbali nayo. Ndiyo sababu milimita moja, ambayo usoni haionekani kabisa, puani ni kitu kikubwa.

KABLA YA KISU

Ni watu wachache wenye kiambaza kilichonyooka kama rula, na kupinda kidogo si ugonjwa. Mara nyingi pua huziba kwa mzio wa vumbi, kwa moshi wa jikoni, au, kwa watoto, kwa nyama zilizokua nyuma ya pua. Hayo yana matibabu yake, na daktari mzuri atayaanza kwanza. Wazazi wajihadhari na dawa za matone za kuzibua pua zinazonunuliwa dukani: zikitumika zaidi ya siku tano hivi, pua huzizoea na kuziba zaidi kila zinapoachwa. Wako watu waliozitumia miaka wakidhani wana ugonjwa mkubwa, kumbe ugonjwa ni chupa yenyewe.

KUNYOOSHA KIAMBAZA

Kama kiambaza kimepinda kweli na kinaziba, kukinyoosha kunasaidia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Freer wa Chicago na Killian wa Ujerumani walieneza njia ya kuinua ngozi laini ya ndani na kuondoa gegedu na mfupa uliopinda. Wagonjwa walipumua, lakini pale palipoondolewa gegedu nyingi mno, mgongo wa pua ulididimia kama tandiko la farasi, au kiambaza kikatoboka. Baadaye Cottle, naye wa Chicago, alihimiza njia nyingine: kuondoa kidogo, kunyoosha kinachobaki na kukirudisha mahali pake. Hiyo ndiyo hutumika zaidi leo. Madaktari huacha kipande cha gegedu chenye upana wa sentimita moja au zaidi juu na mbele, kiwe mhimili wa pua.

Kwa muda mrefu watu waliuliza kama upasuaji huu unashinda dawa. Jibu limepatikana. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019 kwa watu wazima 203, na wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 kwa watu 378, ulionyesha kwamba waliopasuliwa walipata nafuu zaidi kuliko waliotibiwa bila kupasuliwa.

Vile vinyama vya pembeni navyo vikivimba mno hupunguzwa. Neno ni kupunguzwa, si kung'olewa. Walioondolewa vyote, baadhi yao wamebaki na pua kavu, pana, yenye ukoko, na jambo la ajabu ni kwamba wanajisikia kukosa hewa ingawa njia iko wazi. Bila vinyama hivyo, pua haiisikii hewa inapopita.

KUBADILI UMBO

Huku nako njia ni kadhaa. Kuna ya kupitia ndani ya matundu pasipo kovu la nje, na kuna ya kukata kidogo kwenye nguzo iliyo kati ya matundu na kuinua ngozi ili daktari aone kila kitu. Watu hubishana juu ya kovu, nami naona wanabishania jambo dogo. Lenye uzito ni kinachofanyika chini ya ngozi.

Chukua mtu anayetaka kuondolewa nundu ya mgongo wa pua. Njia iliyozoeleka ni kuikata nundu na kuisogeza mifupa ya pembeni ikutane. Gegedu za juu hutengana na kiambaza, na zisipotegemezwa huanguka ndani, palepale penye wembamba. Kwa ajili hiyo, mwaka 1984 Sheen wa Marekani alieleza njia ya kupachika vipande viwili vya gegedu kama kabari pande zote mbili za kiambaza, ili njia ibaki wazi. Njia nyingine, ambayo asili yake ni mwaka 1899 na ambayo imerudi kwa nguvu miaka ya karibuni, haikati nundu: huondoa ukanda wa kiambaza chini yake, kisha mgongo mzima hushushwa ukiwa mzima. Inahifadhi maungio, lakini haifai kila pua, hasa iliyopinda sana.

Kwa pua zetu nyingi maombi ni mengine: kuinua mgongo na kupunguza upana wa matundu. Gegedu ya mgonjwa mwenyewe, ya sikioni au ubavuni, hukaa vizuri kuliko plastiki, ambayo huweza kuoza usaha au kutokeza nje ya ngozi hata baada ya miaka. Na tundu likipunguzwa kupita kiasi halirudi kirahisi. Wahenga walisema kata pua uunge wajihi, lakini sidhani kama walimaanisha hivi!

Je, Kanisa linasemaje? Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kufa kwake, Papa Pio wa XII alizungumza na madaktari wa upasuaji huu wa Italia. Hakuukataza. Alisema uzuri wa mwili ni jambo jema, ila lililo chini ya mema makubwa zaidi, na kati ya sababu za kuufanya upasuaji usifae alitaja kudhuru kazi ya kawaida ya kiungo. Basi kijana anayetaka kupasuliwa amwulize daktari swali moja wazi: nitahemaje baadaye?

MTOTO AKIPIGWA PUA

Hili wazazi walikumbuke. Mtoto akianguka au akipigwa mpira puani, acha damu ikatike, kisha mwangalie ndani kwa tochi. Ukiona uvimbe laini, mwekundu au wa zambarau, pande zote mbili za kiambaza, naye anasema pua imeziba kabisa, damu imekusanyika chini ya ngozi ya ndani. Gegedu haina mishipa yake ya damu. Hulishwa na ngozi hiyo. Ikitengwa nayo kwa siku chache hufa, usaha huingia, na mgongo wa pua hudidimia. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Damu hiyo hutolewa kwa mkato mdogo.