Rauta Nayo Ihesabiwe Miongoni mwa Vifaa Tiba

Picha ya CT-Scan iliyopigwa mkoani yaweza kusomwa na bingwa wa radiolojia aliyeko Upanga siku hiyohiyo. Safari hiyo hupitia rauta, kifaa kidogo ambacho aghalabu hutundikwa ukutani na kusahauliwa. Mipangilio yake ikiwa mibovu, picha hukwama njiani au huonwa na asiyehusika. Makala haya yanaeleza mipangilio ambayo kila kituo cha afya kinapaswa kuihakiki.

Usimamizi wa mbali ni nini?

Rauta huunganisha kompyuta na mashine za kituo na intaneti. Ina ukurasa wa mipangilio ambao fundi huufungua akiwa ndani ya kituo. Usimamizi wa mbali ni ruhusa ya kuufungua ukurasa huo kutoka nje. Faida yake ni dhahiri: fundi aliyeko Dar es Salaam aweza kurekebisha hitilafu ya kituo kilichoko Mafia bila kusubiri boti. Hata hivyo, mlango anaopitia fundi, mwizi naye aweza kuupitia.

Mwaka 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na rauta nyingi duniani kwa kujaribu orodha ya majina na nywila takribani 60 tu zilizowekwa kiwandani. Tarehe 12 Mei 2017, WannaCry ilivuruga huduma katika taasisi zisizopungua 81 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma nchini Uingereza. Wagonjwa waliahirishiwa miadi, ilhali marekebisho ya kuziba tundu lililotumiwa yalikuwa yametolewa tangu mwezi Machi.

Mambo matano ya kuhakiki

1. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku rauta inapofungwa. Nywila mpya iwe ndefu, na isibandikwe ukutani.

2. Usimamizi wa mbali uzimwe iwapo hauhitajiki. Ukihitajika, fundi apitie njia iliyosimbwa, kwa akaunti yake mwenyewe, ili ijulikane nani aliingia na lini.

3. Mitandao itenganishwe. Wi-Fi ya wageni isikutane kamwe na mtandao wa mashine za eksirei, maabara na kumbukumbu za wagonjwa.

4. Mashine za picha zipewe anwani zisizobadilika. Mara nyingi seva ya picha huitambua mashine kwa anwani na jina lake. Umeme ukikatika na rauta ikawaka upya na kugawa anwani nyingine, picha zaweza kukwama, na mgonjwa wa kiharusi akacheleweshwa bila sababu ya kitabibu.

5. Programu ya rauta isasishwe, na nakala ya mipangilio ihifadhiwe kabla ya badiliko lolote.

Mabadiliko haya yafanywe na fundi wa TEHAMA kwa kushirikiana na mhandisi wa vifaa tiba, katika saa zenye wagonjwa wachache. Kazi isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka picha ya majaribio itumwe na kupokelewa upande wa pili.

Kwa mgonjwa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Una haki ya kuuliza picha yako inatumwa wapi na nani ataiona. Ukiwa wodini, tumia mtandao wa wageni pekee, na usichomoe waya wowote ili kuchaji simu. Waya huo waweza kuwa wa rauta.

Hitimisho

Mganga mfawidhi hahitaji kujua kuipanga rauta. Anachohitaji ni kuiingiza katika daftari la vifaa tiba, pamoja na jina la mwenye dhamana nayo na tarehe ya ukaguzi wake ujao. Kama vile tusivyotumia mashine ya dawa ya usingizi isiyokaguliwa, tusiruhusu taarifa za wagonjwa zipite katika kifaa ambacho hakuna anayejua nani ana ufunguo wake.