Pointi za Bonga Zinapouzwa Mtandaoni: Sheria Inasemaje?

Tangu Safaricom ilipoanzisha mpango wa Bonga mwaka 2007, wateja wamekuwa wakipata pointi 1 kwa kila shilingi 10 wanazotumia. Wengi huziacha tu zikajikusanya, na kuna mkaazi mwenye maelfu ya pointi kwenye laini yake bila habari. Siku hizi pointi hizo zimepata soko. Kwenye vikundi vya WhatsApp na kurasa za Facebook wapo watu wanaotangaza kwamba wananunua pointi kwa pesa taslimu.

Kwa mzazi wa Masalani anayetafuta nyongeza ya karo, au mchuuzi wa Soko Mugdi aliyepungukiwa na mtaji, mia tatu au mia tano si pesa ndogo. Lakini kabla ya kubonyeza *126# na kumtumia mgeni pointi, ni vyema mwananchi aelewe anauza nini na ana haki gani mambo yakiharibika.

Je, kuuza pointi ni kosa?

Hakuna sheria ya Kenya inayotaja kuuza pointi za zawadi kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, pointi si pesa kama zile zilizo kwenye M-Pesa. Ni zawadi inayotolewa chini ya mkataba kati ya kampuni na mteja, na mkataba huo ndio masharti ambayo wengi hukubali bila kuyasoma. Masharti hayo ndiyo yanayosema pointi zitumike wapi, zina thamani gani na kama zinaweza kuhamishwa.

Masharti pia hubadilika. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Safaricom iliruhusu wateja kulipia bidhaa madukani kwa pointi na kuwatumia wenzao. Wakati huo pointi 10 zilihesabiwa sawa na shilingi 3. Oktoba 2022, kampuni hiyo hiyo ilitangaza mpango wa kufuta pointi zilizokaa zaidi ya miaka 3, jambo lililozua malalamiko. Kwa hivyo anayenunua pointi kwa wingi ili aziuze baadaye anabeba hatari ya kanuni kugeuka zikiwa mikononi mwake.

Nchi nyingine pia zimeona mambo hayo. Mwaka 2014, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitupilia mbali dai la abiria aliyeondolewa katika mpango wa pointi wa shirika la ndege la Northwest. Masharti yalikuwa yameipa kampuni uwezo wa kuamua yenyewe nani ameutumia mpango vibaya.

Ruhusa ya kumtumia mwenzako pointi pia si lazima iwe ruhusa ya kuziuza. Mtu anayetaka kuuza asome masharti ya sasa, au aulize kwenye duka la kampuni, kabla ya kupokea pesa ya mtu.

Laini imesajiliwa kwa jina la nani?

Swali hili lina uzito katika kaunti yetu. Wapo wakaazi, hasa waliochelewa kupata kitambulisho, na wakimbizi wa Dadaab, wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa jina la ndugu, jirani au mwajiri. Anayeweka vocha ni mmoja, lakini mteja anayetambuliwa na kampuni ni yule aliyesajiliwa. Kukitokea mzozo, mtumiaji wa laini atapata shida kuthibitisha kwamba pointi ni zake.

Ni hatari pia kwa aliyetoa jina. Laini ikitumika kulaghai watu, polisi huanza na jina lililosajiliwa.

Jambo lingine ni kutumia pointi za mwenzako bila ruhusa. Kijana anayesaidia wazee kutuma pesa kwa simu, kisha akajihamishia pointi zao, hajafanya biashara. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Ulaghai wa kompyuta unaweza kuleta faini isiyozidi shilingi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Anayefanya biashara

Mwenye kuuza pointi zake mara moja si sawa na anayenunua na kuuza kila siku. Huyu wa pili anafanya biashara, na faida yake ni mapato yanayopaswa kuripotiwa kwa KRA. Akifungua kibanda mjini, anahitaji pia leseni ya biashara ya kaunti.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo kwa mteja. Anayetangaza bei moja na kulipa nyingine, au anayejifanya wakala wa kampuni ya simu, anavunja sheria. Akikusanya majina, namba za simu na nambari za vitambulisho vya watu, anafungwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Ukitapeliwa

Mbinu ya kawaida ni mnunuzi kudai atumiwe pointi kwanza, kisha azime simu. Mwingine hutuma ujumbe bandia unaofanana na wa M-Pesa. Muuzaji aangalie salio lake mwenyewe, asitegemee ujumbe, na asimpe mtu yeyote namba yake ya siri.

Aliyetapeliwa asifute jumbe wala namba za simu. Huo ndio ushahidi. Apige simu kwa kampuni haraka, kisha aandikishe ripoti kituo cha polisi na kupewa namba ya OB. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake ni hadi miaka 3. Malalamiko dhidi ya kampuni ya simu yasipotatuliwa nayo, yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Anayetaka kurudishiwa pesa zake anaweza kudai kupitia Mahakama ya Madai Madogo, inayoshughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Mahakama ya Kadhi haina mamlaka juu ya mizozo ya biashara; Katiba imeipa masuala ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu. Wanaojuana wanaweza kupatana mbele ya wazee kwa maslaha, kwa kuwa Kifungu cha 159 cha Katiba kinatambua njia za jadi za kutatua mizozo. Lakini maslaha yanahitaji pande zote mbili zijulikane. Mnunuzi asiye na jina wala ukoo unaofahamika hawezi kuitwa chini ya mti.

Kwa hivyo, mwenye pointi na asiye na haja ya haraka ya pesa taslimu afikirie kuzitumia mwenyewe, kwa muda wa maongezi, data au kulipia bidhaa pale duka linapozikubali.