Maumivu ya mbele ya wayo: Chanzo chake na hatari ya kuyapuuza

KATIKA mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, vichochoro ni vyembamba mno kwa magari. Mizigo hubebwa na punda, mikokoteni na mahamali, nao wakazi wengi huenda shughuli zao kwa miguu. Anayeumwa na wayo huko hapotezi raha tu, bali huenda akapoteza na riziki.

Maumivu yanayowasumbua wengi hutokea sehemu ya mbele, chini ya vidole. Mtu apigapo hatua, kisigino huinuka na uzito wa mwili ukahamia kwenye vichwa vya mifupa mitano mirefu iliyo nyuma ya vidole. Uzito huo ukizidi, sehemu hiyo huuma, na mgonjwa huhisi kana kwamba anakanyaga kokoto.

Chanzo cha kwanza ni kazi na viatu. Hamali anayetoka gatini na mfuko wa saruji begani, miguuni akiwa na champali nyembamba, huuelemea wayo kila hatua. Viatu vya visigino virefu navyo husukuma uzito mbele na kuvibana vidole. Hata makubadhi ya ngozi, ambayo mafundi wa Siyu kisiwani Pate wamesifika kwayo, hayafai tena soli ikishalika upande mmoja.

Maumivu yakiwa ya kuchoma, yakienea hadi kidole cha tatu na cha nne pamoja na ganzi, yumkini neva ipitayo kati ya vidole hivyo imebanwa na kunenepa. Daktari Mmarekani, Thomas Morton, aliyaeleza maradhi hayo mwaka wa 1876, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake.

Maumivu yanayozidi mtu akitembea na kupungua akipumzika, huku juu ya wayo kukiwa na uvimbe, huweza kuashiria ufa katika mfupa. Ufa huo haukosi kuwapata askari wanaotembea masafa marefu. Katika wiki za mwanzo hauonekani daima kwenye picha ya eksirei, hivyo kukosekana kwake hapo si thibitisho kwamba mfupa ni mzima.

Kidole gumba kikivimba ghafla usiku, kikawa chekundu hata shuka isiweze kukigusa, hiyo huenda ikawa jongo. Husababishwa na chembe za asidi ya yuriki zinazoganda katika kiungo. Nyama nyekundu, maini, dagaa na baadhi ya vyakula vya baharini huweza kuuchochea ugonjwa huo.

Aidha, anayetembea pekupeku ufuoni au mashambani na achunguze kama ameingiwa na mwiba au funza. Wahenga walinena: mdharau mwiba, mguu huota tende.

Usemi huo unawahusu zaidi wenye kisukari. Maradhi hayo huua neva za miguu na kupunguza mwendo wa damu, hata mtu akakanyaga mchanga wa moto au msumari asihisi lolote. Kwake yeye, kutosikia maumivu ndiko hatari kuu, kwa kuwa kidonda kisichohisiwa huoza hadi mguu ukakatwa. Inampasa kuzikagua nyayo kila siku, kukung'uta viatu kabla ya kuvivaa na kutotembea pekupeku.

Kwa wengine, maumivu ya uchovu hutulizwa kwa mapumziko, barafu iliyofungwa kitambaani na viatu vipana vyenye soli nene na laini. Yasipopungua baada ya wiki mbili, ni heri kumwona daktari.

Hata hivyo, kidonda kwa mwenye kisukari, usaha, homa, ngozi kuwa nyeusi au kushindwa kukanyaga baada ya kuumia havingojei wiki mbili. Anayeishi mbali, mathalani Kiwayu au Kizingitini, na akumbuke kwamba safari ya mashua hadi hospitali ya King Fahd mjini Lamu huchukua muda. Afadhali aianze mapema, angali anaweza kushuka gatini kwa miguu yake mwenyewe.