Kuchagua Programu za Mfumo Huria wa Kompyuta

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10. Mwenye kompyuta ya zamani iliyo nzima bado halazimiki kununua nyingine. Anaweza kuweka Ubuntu, mfumo endeshi huria ambao leseni zake humruhusu mtu yeyote kuutumia, kuunakili na kuubadili. Hata hivyo, programu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows haziwezi kufanya kazi moja kwa moja ndani ya Ubuntu. Kwa hiyo, uchaguzi wa programu ufanyike kabla ya kuhama.

Anza na kazi unazozifanya

Orodhesha kazi zako za kila wiki, kisha tafuta programu ya kila kazi. Kwa barua na hesabu ipo LibreOffice. Kwa kuperuzi intaneti, Firefox. Kwa video na muziki, VLC. Na kwa kuhariri picha, GIMP. Zote nne hazilipiwi, na zote hufanya kazi katika Windows pia. Zijaribu kwanza huko uliko, ukitumia nakala za hati zako halisi. Jedwali lenye amri maalumu za Excel, kwa mfano, huenda lisifanye kazi ipasavyo katika LibreOffice. Ni afadhali ulijue jambo hilo mapema.

Mtambue mtoaji wa programu

Pakua programu kutoka katika duka la programu lililomo ndani ya mfumo wenyewe, wala usifuate viungo unavyotumiwa na watu usiowajua. Hata hivyo, kuwapo dukani si uthibitisho kamili. Mwaka 2024 mtumiaji mmoja wa Ubuntu aliripoti kupoteza bitcoin 9 baada ya kupata katika duka la mfumo huo programu iliyojifanya kuwa Exodus, pochi ya sarafu za kidijitali, na kuiingizia maneno yake ya siri. Kabla ya kusakinisha programu inayogusa fedha au nywila, soma jina la mtoaji, angalia kama lina alama ya uthibitisho, kisha hakikisha katika tovuti ya mtengenezaji kwamba programu hiyo ni yake.

Fahamu unacholipia

Fundi anayo haki ya kulipwa kwa muda na kazi yake. Lakini akikudai ada ya "leseni ya LibreOffice", mwombe maelezo, kwani leseni hiyo haina ada. Dai risiti inayotaja kazi iliyofanyika.

Hifadhi kwanza

Kusakinisha mfumo mpya kunaweza kufuta kila kilichomo kwenye diski. Tunawasihi watumiaji wanakili hati na picha zao katika diski ya nje, wazifungue nakala hizo kwenye kompyuta nyingine, na ndipo wamkabidhi fundi mashine.