Kukarabati Jiko la Mkaa Lenye Udongo

Jiko la mkaa lenye umbo la kiuno chembamba, lililobuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, lina mwili wa bati uliobeba bitana, yaani bakuli la udongo uliochomwa ambalo huhifadhi joto na kupunguza matumizi ya mkaa. Bitana hiyo hupasuka inapomwagiwa maji ikiwa moto au inapogongwa, lakini ufa mwembamba usiolegeza udongo haulazimu jiko kutupwa.

Bitana ikivunjika, fundi huibomoa taratibu, husugua kutu kwenye bati, kisha huweka bitana mpya na kuishikiza kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto kupenya. Mchanganyiko huo huachwa ukauke kikamilifu kivulini, na moto wa kwanza huwa mdogo, kwa kuwa unyevu uliobaki hugeuka mvuke na kupasua udongo. Maadamu bati halijaoza, kukarabati ni busara kuliko kununua jiko jipya.